Picha za magari za kompyuta: Faida iko kwenye mwanga, si kwenye mashine

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya magari ya leo msemo huo una kasoro moja. Kizuri kikitolewa picha kwenye mwanga mbaya, nacho hujitembeza. Mnunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala mara nyingi huliona gari kwanza kwenye picha, tena likiwa mbali naye maelfu ya kilomita, na kwa picha hiyo huamua kama atafungua pochi au atageuza ukurasa.

Sehemu kubwa ya picha za magari mapya zinazopamba vipeperushi, mabango ya barabarani na matangazo ya televisheni duniani haikupigwa kwa kamera. Imetengenezwa ndani ya kompyuta, kuanzia bodi, rangi na vioo hadi kivuli kilicho chini ya matairi. Ujuzi huo sasa umefika mikononi mwa vijana wa Afrika Mashariki, na wenye mitaji midogo wameanza kuutazama kama kitega uchumi.

Tatizo ni hesabu zao. Anayetaka kuingia katika biashara hii huanza kwa kuuliza bei ya kompyuta, kisha bei ya programu, kisha kodi ya chumba. Mwisho kabisa, ikiwa fedha imebaki, huuliza ni nani atakayepanga taa ndani ya picha. Mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Mashine inapatikana kwa kila mwenye fedha, lakini mwanga unafahamika kwa wachache. Anayemwaga mtaji kwenye mashine na kubana matumizi kwenye mwanga anajenga duka zuri lisilo na bidhaa.

KUTOKA UKUTA MWEUPE HADI KOMPYUTA

Ili kuelewa bei ya mwanga, yafaa kukumbuka kazi hii ilivyokuwa kabla ya kompyuta. Gari liliingizwa katika studio kubwa yenye ukuta mweupe usio na kona, ambao huteremka na kuungana na sakafu kwa mkunjo, ili macho yasione mahali ukuta unapoishia. Juu ya gari ilining'inizwa taa pana iliyofunikwa kitambaa, mara nyingi ndefu kuliko gari lenyewe. Mpiga picha na wasaidizi wake waliweza kutumia siku nzima wakiipandisha na kuishusha kwa sentimita chache tu, hadi mstari wa mwanga juu ya boneti ukae wanapoutaka.

Kazi hiyo ilikuwa ghali. Gari lilisafirishwa, lilisafishwa kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya vumbi na alama za vidole, na kama lilikuwa toleo jipya ambalo halijatangazwa, lilifichwa na kulindwa. Kila rangi na kila aina ya rimu ilihitaji gari jingine au siku nyingine.

Viwanda vilikuwa tayari vinasanifu magari kwa kompyuta. Hesabu ikawa rahisi: ikiwa vipimo vyote vya gari vipo kwenye kompyuta ya mhandisi, kwa nini kusafirisha chuma? Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuufanya mwanga wa kompyuta uwe na tabia ya mwanga wa kweli.

Njia hiyo ilifunguka hatua kwa hatua. Mwaka 1986 mtaalamu wa Kimarekani James Kajiya alichapisha mlinganyo unaoeleza jinsi mwanga unavyoruka kutoka kitu kimoja hadi kingine kabla ya kufika kwenye jicho. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha jinsi ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kwa mwanga mwingi na mdogo, zikawa picha moja inayotunza nguvu halisi ya mwanga. Mwaka uliofuata Debevec alitumia picha za namna hiyo kuangazia vitu vya kompyuta, vikaonekana kana kwamba vilikuwepo mahali hapo. Mwaka 2006 kampuni ya Pixar ilipotoa filamu ya Cars, ililazimika kutumia hesabu za kufuatilia miale ya mwanga ili magari yake yaakisi mazingira kama magari ya kweli.

Wauzaji wa bidhaa nyingine hawakubaki nyuma. Kampuni ya samani ya IKEA ilianza mwaka 2006 kwa kiti kimoja cha mbao. Kufikia mwaka 2014 ilifahamika kwamba takriban asilimia 75 ya picha zake za bidhaa zilikuwa za kompyuta. Kilichobadilika hapo ni gharama, kwani jicho la mteja bado linataka kuona mbao inayofanana na mbao.

GARI NI KIOO

Sababu ya mwanga kuwa mgumu zaidi kwenye gari kuliko kwenye kiti cha mbao ni moja. Gari ni kioo kilichokunjwa. Juu ya rangi yake kuna tabaka angavu ambalo mafundi wa rangi huliita klia. Ukilitazama tabaka hilo uso kwa uso, huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaolipiga. Ukilitazama kwa kulalia, kama mtu anayechungulia ubavuni mwa gari kutoka kwenye taa ya nyuma, mwakisiko hupanda na kukaribia asilimia mia. Ndiyo maana boneti moja huweza kuonyesha rangi yake mahali pamoja na kuwa kama kioo mahali pengine.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wanaijua siri hii hata kama hawajawahi kuisoma. Mnunuzi mzoefu akifika yadi huinama karibu na madigadi na kutazama mwakisiko wa taa ya dari au wa waya wa umeme ukipita kwenye mlango. Mstari ukinyooka, anaridhika. Ukiyumba kama maji, anajua fundi wa kunyoosha bodi amepita hapo. Hakutazama rangi. Ametazama kile ambacho rangi inakiona.

Hiyo ndiyo kanuni nzima ya studio, ya kweli na ya kompyuta. Anayepanga taa za gari haangazii gari. Anapanga vitu ambavyo gari litaviakisi. Gari jeusi ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa karibu umbo lake lote huonekana kwa miakisiko tu. Liweke ndani ya chumba cheusi chenye taa ndogo kali, nalo litatoweka, zibaki nukta chache nyeupe zinazochoma macho. Liwekee juu taa pana inayofifia polepole kuelekea kingo zake, na mara boneti, paa na mabega ya milango vinajichora vyenyewe.

Anayeanza kazi hufanya kinyume. Picha ikiwa na giza, huongeza taa. Ikiwa bado, huongeza nyingine. Mwisho gari lina taa kumi na mbili, miakisiko inagombana kwenye kila mkunjo, na mteja anasema tu kwamba gari "linaonekana kama la plastiki". Mteja hawezi kueleza kasoro iko wapi, lakini hatalipa.

KAZI INAVYOFANYIKA

Mwenye fedha hahitaji kujua kubonyeza kila kitufe, lakini inampasa kujua hatua za kazi ili asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya kwanza ni vipimo. Gari la mita 4.5 lazima liwe la mita 4.5 ndani ya programu. Michoro ya wahandisi kwa kawaida huja kwa milimita, na ikisomwa kama mita, gari hilo huwa na urefu wa kilomita nne na nusu. Taa zote zitakosea, kwa kuwa nguvu ya taa hutegemea umbali wake. Taa ndogo ikisogezwa mara mbili ya umbali wake, mwanga unaofika hupungua hadi robo.

Hatua ya pili ni kingo. Hakuna chuma cha gari chenye ukingo mkali kama wembe. Kila ukingo wa mlango na wa bampa una mviringo mdogo, na hapo ndipo mwanga hujishika na kuchora mstari mwembamba. Michoro iliyorahisishwa huacha kingo kali, na gari hugeuka kichezeo.

Hatua ya tatu ni kuzima kila kitu. Mpangaji mzuri huanza gizani na gari la rangi ya kijivu isiyo na mapambo. Huwasha taa moja pana ya juu na kuitazama peke yake. Akiridhika na umbo la paa na boneti, huongeza taa ndefu nyembamba ya ubavuni ili mstari wa bega la gari uonekane kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Kisha huja taa za rimu, ambazo husahaulika mara nyingi, na rimu zikibaki nyeusi gari huonekana kama linaelea.

Hatua ya nne humshangaza asiye mtaalamu, nayo ni kuongeza giza. Vibao vyeusi huwekwa pembeni ya gari ndani ya studio hiyo ya kompyuta, ili viakisiwe kwenye kingo za bodi. Gari jeupe mbele ya ukuta mweupe lisipopata vibao hivyo hupotea kabisa. Giza nalo ni bidhaa, na anayelijua hulipangia mahali kama anavyopanga taa.

Mwisho huja kivuli cha chini. Mahali tairi linapogusa sakafu pawe peusi, na kivuli kifunguke taratibu kadiri kinavyotoka chini ya gari. Kivuli kikikosewa, hata bodi nzuri kupita zote haitakaa ardhini.

Yote hayo ni maamuzi ya jicho, na kompyuta haiamui hata moja kati ya hayo. Soko lenyewe limeshaikubali thamani yake. Nchini Uingereza ipo kampuni iitwayo Lightmap ambayo bidhaa yake maarufu, HDR Light Studio, ina kazi moja kubwa: kumwezesha mtumiaji kupanga taa na miakisiko juu ya kitu kilichomo ndani ya programu nyingine. Kampuni inapoweza kuendesha biashara kwa kuuza upangaji wa taa tu, mwenye mtaji anapaswa kujiuliza kwa nini yeye anautoa bure.

CHENGA NA GHARAMA ZAKE

Wapo watakaosema kwamba mwanga ni mambo ya sanaa na kwamba biashara ni namba. Hizi hapa namba.

Kompyuta inapotengeneza picha hurusha miale mingi kwa kubahatisha na kuchukua wastani. Miale ikiwa michache, picha hujaa chenga, kama televisheni ya zamani iliyopoteza antena. Kanuni ya wastani haina huruma: ili kupunguza chenga kwa nusu, miale lazima iwe mara nne. Picha iliyochukua saa 1 na kutoka na chenga itataka saa 4 ili chenga zipungue kwa nusu, na saa 16 ili zibaki robo. Kwa picha kumi, hiyo ni tofauti kati ya saa 10 na saa 160 za mashine na umeme.

Chenga nyingi zaidi hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye taa zilizopangwa vibaya, kwa mfano taa ndogo sana zenye nguvu kubwa, taa zilizofichwa nyuma ya vioo, au mwanga unaotegemea kuruka ukutani mara nyingi kabla ya kulifikia gari. Taa chache, pana, zilizo mahali pake, huipa kompyuta kazi nyepesi. Kwa hiyo mpangaji mzuri wa mwanga hupunguza pia gharama ya mashine. Ni kweli kwamba siku hizi zipo programu za kufuta chenga baada ya kazi, lakini zikizidishwa hufuta pia punje ndogo zinazong'aa ndani ya rangi ya metaliki, na hizo ndizo mteja alizolipia.

Ukubwa wa picha nao una bei. Ukurasa wa A4 wa kuchapwa kwa nukta 300 kwa inchi unataka takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Ukurasa wa A3 unataka mara mbili ya hapo. Mwenye studio aliyekubali bei bila kuuliza picha itachapwa kwa ukubwa gani ameshapata hasara kabla ya kuwasha taa ya kwanza.

Upande wa pili wa mizani uko wazi. Programu ya Blender ni ya bure kisheria tangu mwaka 2002, baada ya watu mbalimbali kuchanga euro 100,000 ili iachiwe huru. Nguvu ya kompyuta inaweza kukodiwa kwa saa kutoka nchi za mbali. Kwa maneno mengine, mlango wa kuingilia sokoni uko wazi kwa kila mtu, na mwanafunzi yeyote wa uchumi anajua kinachofuata: kitu kinachopatikana kila mahali bei yake hushuka hadi karibu na gharama yake. Anayeuza "picha ya kompyuta" atashindana na kila kijana mwenye kompyuta. Anayeuza mwanga atashindana na wachache.

SOMO LA LONDON

Kwa wale wanaoamini kwamba ukubwa wa mashine ni kinga, mfano upo. Kampuni ya The Mill ilianzishwa London mwaka 1990 na ikapata sifa kubwa katika matangazo ya biashara. Mwaka 2016 ilionyesha gari maalumu liitwalo Blackbird, lisilo na bodi ya kawaida, ambalo urefu na upana wake hurekebishwa. Juu yake zilifungwa kamera zilizorekodi mazingira pande zote wakati likiendeshwa, na baadaye gari lolote la kompyuta liliweza kuvishwa juu yake likiwa na mwanga wa mahali halisi. Mwaka 2017 chombo hicho kilitumika katika filamu fupi ya Chevrolet, kwa ushirikiano na Epic Games, ambamo gari la kompyuta liliweza kubadilishwa papo hapo.

Yafaa kuona kilichokuwa kiini cha uvumbuzi huo. Blackbird lilikuwa, kwa sehemu kubwa, chombo cha kukusanya mwanga.

Hata hivyo, sifa na mapato ni vitu viwili. Mwaka 2015 kundi la Technicolor la Ufaransa liliinunua The Mill kwa euro milioni 259. Februari 2025 kundi hilo liliishiwa fedha na kuanza kufunga shughuli zake katika nchi mbalimbali. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ufufukaji wa polepole wa kazi baada ya janga la korona, gharama za kulitenga kundi hilo na kampuni mama, na mgomo wa waandishi wa Hollywood wa mwaka 2023. Wafanyakazi wengi waliokuwa na ujuzi adimu walijikuta nje ya mlango.

Mwekezaji mdogo asisome habari hiyo kama kifo cha biashara nzima. Asome kwamba ujuzi mkubwa hauokoi mizania mibovu. Studio ya watu watatu isiyo na deni inaweza kuvuka msimu mbaya ambao ungeliangusha kundi la maelfu ya watu. Mwenye hisa katika kampuni za matangazo zilizoorodheshwa, kama Scangroup iliyoingia katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006, naye ana haki ya kuuliza katika mkutano wa mwaka: je, kazi hizi zinauzwa kwa thamani ya ujuzi au kwa wingi wa picha?

WATEJA WAKO WAPI?

Swali la haki ni kama soko la Afrika Mashariki lina kazi ya namna hii. Magari mengi yanayoingia ni yaliyotumika, hasa kutoka Japani. Kenya kwa mfano huruhusu yasiyozidi umri wa miaka minane. Gari lililotumika halihitaji picha ya kompyuta. Linahitaji picha ya kweli, kwa kuwa mnunuzi analipia gari lile lile moja, pamoja na mikwaruzo yake.

Kazi iko kwingine. Waundaji wa bodi za mabasi huchukua arubuni kabla ya kukata chuma. Mwenye basi anayeweza kuona basi lake likiwa na rangi zake, jina lake na taa zake kabla ya kazi kuanza hubishana kidogo na hulipa mapema. Kampuni za pikipiki na bajaji za umeme, ambazo nyingi bado ni changa, zinatafuta wawekezaji kabla hazijawa na chombo cha kupiga picha. Wanaounganisha magari humu nchini wanahitaji kuonyesha rangi nane wakiwa na gari moja. Hao ndio wateja, na kila mmoja wao anauza kitu ambacho bado hakijaonekana.

Kuna pia hofu ya akili mnemba. Tangu mwaka 2022 programu zinazochora picha kwa kuandikiwa maneno zimeenea, na gari linaweza kuchorwa kwa dakika moja. Kwa tangazo la gari lisilo na jina, huenda hiyo ikatosha. Lakini muunda bodi anahitaji basi lenye idadi yake ya madirisha na mlango ulio mahali pake. Programu hizo hukisia. Michoro ya wahandisi haikisii. Picha za kukisia zikijaa mtaani, anayeweza kusema "mwanga huu si wa kweli, na kasoro ni hii" atatafutwa zaidi.

PICHA NI AHADI

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Mwanga unaoweza kuonyesha umbo la gari unaweza pia kulidanganya. Taa ikishushwa kidogo, gari fupi huonekana refu. Rangi ya bei nafuu ikipewa mwakisiko mzuri huonekana ya metaliki.

Mfanyabiashara anayedhani huo ni ujanja wa biashara akumbuke kwamba sheria zipo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012. Lakini hata pasipo mahakama, soko lina adhabu yake. Mwenye basi aliyeona rangi moja kwenye picha na kupewa nyingine karakana hatarudi, na atawaambia wenzake stendi nzima. Gharama ya kumrudisha mteja mmoja aliyeondoka kwa hasira haimo katika bei ya studio yoyote.

Kwa hiyo picha ya kompyuta itambulishwe kwamba ni ya kompyuta, rangi yake ilinganishwe na kipande halisi cha bati kilichopakwa rangi hiyo hiyo, na isitumike kamwe kuuza gari ambalo tayari liko yadi. Hapo kamera inatosha.

CHA KUFANYA

Kwa mfanyabiashara anayeagiza picha, mambo manne yatamwokolea fedha. Kwanza, aombe jaribio la gari jeusi na gari jeupe. Hizo mbili zitamwonyesha kama studio inajua mwanga, kwa sababu nyekundu na bluu huficha mengi. Pili, aidhinishe picha ya kijivu kabla ya rangi kuwekwa, kwa kuwa kosa la umbo lililogunduliwa mwishoni hulipiwa mara mbili. Tatu, mkataba utaje idadi ya masahihisho na ukubwa wa kuchapa. Nne, adai kila taa ihifadhiwe katika tabaka lake. Akitaka baadaye taa ya juu ipunguzwe, ipunguzwe kwa dakika chache bila kompyuta kurudia kazi ya usiku kucha.

Kwa mwenye mtaji anayetaka kufungua studio, ushauri ni mfupi zaidi. Anunue kompyuta moja nzuri badala ya tatu. Fedha inayobaki amlipe mtu atakayekaa wiki kadhaa ndani ya yadi na karakana akitazama mwanga unavyotembea juu ya boneti asubuhi, adhuhuri na jioni. Bei zake azitenganishe: umbo bei yake, mwanga bei yake, uchapaji bei yake. Mteja akiona mwanga una mstari wake kwenye ankara, ataanza kuuheshimu. Na akiomba punguzo, mwenye studio atajua anachopunguza.

Mashine aliyoinunua leo itakuwa imepitwa na wakati baada ya miaka michache, na thamani yake vitabuni itashushwa kila mwaka kama uhasibu unavyotaka. Jicho linalojua mahali pa kuweka taa moja halichakai hivyo. Ni rasilimali pekee katika biashara hii ambayo thamani yake hupanda kadiri inavyotumika, na kwa sasa ndiyo inayolipwa kidogo kuliko zote.